MsgBox, Popup, msg au arifa ya kona: skripti yako imwambie mtu kwa njia ipi?

Umeandika skripti yako ya kusafisha folda, au ya bakapu, au ya kurestati mashine za ofisi usiku, inafanya kazi vizuri tu, sasa unataka imwambie aliyekaa mbele ya skrini kwamba kitu fulani kimeisha au kinakuja. Ukigugo unakuta njia kumi na kila mtu anasema yake ndo rahisi. Na kweli zote ni rahisi, mstari mmoja au miwili basi. Shida ni kwamba kwa macho zinafanana, kiboksi na maandishi na kitufe, ila tabia zake ni tofauti kabisa, na ukichukua isiyofaa kazi nzima inaweza kusimama na usijue. Naongelea Windows zaidi maana ndo imejaa kwenye ofisi ninazohudumia, Linux na Mac nitazigusa kidogo.

Kabla ya kuchagua chochote jiulize: kiboksi kikitokea, nani atabonyeza OK? Maana viboksi vingi vinasimamisha skripti hapo hapo mpaka mtu abonyeze. Hili nimelijua kwa kuumia. Kuna ofisi niliwawekea bakapu ya kila siku saa saba usiku kupitia Task Scheduler (programu ya Windows ya kupanga kazi zijiendeshe kwa saa fulani), nikaiweka iendeshwe na akaunti ya SYSTEM, yaani akaunti ya Windows yenyewe siyo ya mtu, ili isitegemee mtu kulogin, na mwisho wa skripti nikaweka MsgBox moja nzuri ya "Bakapu imekamilika". Nilipoijaribu kwa mkono mchana ilitokea, nikabonyeza OK, nikaondoka nikiwa na amani. Usiku wa kwanza bakapu ikafanyika vizuri, kiboksi kikatokea sehemu ambayo hakuna binadamu anayeiona, skripti ikabaki inasubiri OK. Usiku wa pili Task Scheduler ikakuta ile ya jana bado "Running", na ukiiacha na mipangilio yake ya kawaida haianzishi nyingine juu yake, ikapita. Wa tatu hivyo hivyo. Halafu kwa kawaida pia ina kikomo cha siku 3, kikifika inaiua kazi iliyokwama, kwa hiyo usiku unaofuata bakapu inafanyika tena moja, inakwama tena. Yaani ile ofisi ilikuwa inapata bakapu moja kila baada ya siku tatu nne na wote tulikuwa tunajua ni ya kila siku. Tulikuja kugundua siku diski imekufa na faili lililotakiwa ni la jana, mimi nililonalo ni la siku tatu nyuma. Mama wa uhasibu aliniangalia tu akasema "Sasa mwanangu hizi risiti za siku tatu naziandika upya mimi?" Tulikaa naye mpaka saa mbili usiku tukiziingiza.

Kwa hiyo nikilinganisha hapa chini, hicho ndo kipimo changu cha kwanza. Urembo unafuata baadaye sana.

MsgBox ya VBScript

Hii ndo mkongwe, VBScript ni lugha ya skripti ya Microsoft, imekuwepo tangu 1996 na mpaka leo kuna skripti za .vbs zimelala kwenye mashine za watu. Unafungua Notepad, unaandika

MsgBox "Chomoa flashi sasa", 64, "Bakapu"

unasevu kama .vbs, unabofya mara mbili, kiboksi hicho. Ile 64 ni alama ya taarifa, 48 ni ya tahadhari, 16 ni ya kosa, 32 ni ya swali, na unazijumlisha na namba ya vitufe: 0 ni OK peke yake, 1 ni OK na Cancel, 4 ni Yes na No. Namba hizi zishike vizuri kwa sababu ni zile zile kwenye njia nyingine karibu zote za Windows.

Ubaya wake upo wa aina mbili. Kwanza haina muda, inasubiri milele, na nimeshaeleza milele inafanyaje. Pili VBScript yenyewe inaondoka, Microsoft walitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaiacha, kwenye Windows 11 toleo la 24H2 imeshageuzwa kuwa kipande cha hiari ambacho kwa sasa bado kimewashwa, baadaye kitakuja kikiwa kimezimwa, mwisho kinatolewa kabisa. Kama una skripti za zamani sawa ziache zifanye kazi huku unazihamisha polepole, ila kuanza mpya leo kwa .vbs ni kujitafutia kazi ya kurudia.

Halafu angalia kitu kimoja kinachowachanganya wengi, WScript.Echo. Ukiendesha skripti kwa kubofya mara mbili inaendeshwa na wscript.exe, na hapo kila Echo ni kiboksi kizima. Ukiiendesha kwa cscript.exe, Echo hiyo hiyo inaandika tu mstari kwenye dirisha jeusi. Mtu anaandika skripti inayopitia mafaili 300 na kila faili ina Echo, anaijaribu kwa cscript inateleza vizuri, anampa mwenzake, mwenzake anabofya mara mbili, anapata viboksi 300 kimoja baada ya kingine na kila kimoja kinataka OK. Dawa ni kufungua Task Manager na kuua wscript.

Popup ya WScript.Shell

Hii ndo naipenda kuliko zote kwa kazi za kila siku na naona haipewi heshima yake. Ina sura ile ile ya MsgBox lakini unaipa sekunde, zikiisha inajifunga yenyewe na skripti inaendelea. Na usidhani kwa kuwa VBScript inaondoka nayo inaondoka, maana unaweza kuiita kutoka PowerShell (lugha mpya zaidi ya skripti inayokuja na Windows) bila kugusa .vbs:

$w = New-Object -ComObject WScript.Shell
$jibu = $w.Popup("Mashine itarestati. Sevu kazi yako. Kama bado unaihitaji bonyeza Cancel.", 60, "IT", 4401)

Jibu linarudi kama namba: 1 ni OK, 2 ni Cancel, 6 ni Yes, 7 ni No, na -1 maana yake sekunde zimeisha hakuna aliyegusa. Hiyo -1 ni dhahabu. Kwa mara ya kwanza skripti yako inaweza kutofautisha mtu aliyekataa na mtu ambaye hayupo, vitu viwili ambavyo ukitumia MsgBox huwezi kuvitenganisha.

Hiyo 4401 nayo ina sababu yake, nimeikusanya hivi: 1 kwa OK na Cancel, 48 kwa alama ya tahadhari, 256 ili kitufe cha pili yaani Cancel ndo kiwe kimechaguliwa tayari, na 4096 ili kiboksi kikae juu ya madirisha mengine. Kwa nini sikuweka Yes na No? Kaa na mtu anayechapa haraka uangalie mikono yake. Macho yako kwenye karatasi, vidole vinakimbia, kiboksi kinaruka na mara nyingine kinanyakua kibodi. Kwenye kiboksi cha Yes na No herufi Y peke yake inabonyeza Yes na N inabonyeza No, bila Alt bila chochote. Sasa Kiswahili chetu kimejaa y, mtu alikuwa katikati ya "malipo ya mwezi", kiboksi kimetokea, "ya" imeshapita, ameshakubali kurestati na hajaona hata kichwa cha ujumbe. Akiwa anaandika "nyanya" ana bahati maana n inatangulia. OK na Cancel hazina herufi kama hizo, na ukiweka 256 basi hata akigonga Enter au spesi bila kuangalia anaangukia Cancel, hakuna kilichoharibika. Yule mama wa uhasibu alikuwa ananiambia kila siku "mwanangu kile kidude kilikuja kikaondoka chenyewe", na mimi nikawa najua hasomi. Siku niliyokaa nyuma yake nikaona kwa macho yangu, kidude hakikuondoka chenyewe, vidole vyake ndo vilikuwa vinakijibu.

MessageBox ya PowerShell

Wengi wanaanzia hapa:

Add-Type -AssemblyName System.Windows.Forms
[System.Windows.Forms.MessageBox]::Show("Imekwisha")

Ni ile ile MsgBox kwa vazi jipya. Haina muda, inasubiri milele, na ina kaugonjwa ka kutokea nyuma ya dirisha la PowerShell au la Excel halafu mtu anashangaa mbona skripti imeganda. Faida yake ni kwamba unaweza kuendelea na Windows Forms ukajenga fomu yako mwenyewe yenye sehemu ya kuandika na vitufe vya Kiswahili, "Ndiyo" na "Subiri kwanza", badala ya Yes na No zinazofuata lugha ya Windows. Kama hauendi huko, chukua Popup.

Kitu kidogo ila kinasaidia sana kwenye viboksi vya kawaida vya Windows kama hiki: kikiwa mbele yako ukibonyeza Ctrl+C maandishi yote yanakopiwa, kichwa na ujumbe na vitufe. Wafundishe watu wako, badala ya kukupigia simu "imeandika kitu cha kiingereza kirefu" wanapesti kwenye WhatsApp unasoma mwenyewe.

msg, ya kufikisha ujumbe kutoka chumba cha nyuma

Hapa nirudi kwa ile bakapu yangu. Tangu Windows Vista, huduma na kazi zinazoendeshwa na SYSTEM zinakaa kwenye sesheni namba 0, na mtu aliyelogin anakaa sesheni 1 au 2 na kuendelea. Ni kama vyumba viwili vyenye ukuta. Kiboksi cha MsgBox, Popup au MessageBox kikifunguliwa chumba 0 kinatokea chumba 0, na huko hakuna skrini ya mtu. Ukichagua kwenye Task Scheduler ile ya kuendesha hata kama mtu hajalogin ni hivyo hivyo. Waliweka ukuta huo kwa usalama, na uko sahihi, ila ndo unaoua popapu za watu wengi wanaojiuliza "mbona nikiendesha kwa mkono inatokea".

Amri ya msg inaweza kupenya ule ukuta:

msg * /time:120 "Seva inazimwa saa 12 jioni. Sevu kazi zako."

Nyota ni kwa kila aliyelogin, time ni sekunde kabla haijajifunga, na haisimamishi skripti yako isipokuwa umeongeza /w. Kwa skripti ya SYSTEM hii ndo njia ya mstari mmoja inayofika. Ukikuta mtu mzima wa IT anakumbuka net send ya Windows XP, hii ndo inayokaribia ile. Ile ilivamiwa na matangazo ya ovyo mpaka huduma yake ikazimwa kwenye XP SP2 mwaka 2004, na Vista ikaja haina kabisa.

Mapungufu yake yajue mapema. Haipo kwenye Windows Home, ni Pro kwenda juu, na ofisi ndogo nyingi zimenunua laptopu za dukani zenye Home kwa hiyo hilo ndo la kukagua kwanza. Haiulizi swali, ni OK tu. Kichwa hukichagui, kinaandika jina la aliyetuma na saa. Kutuma kwenda mashine nyingine kwa /server kunataka ufungue mlango kwenye rejista ya mashine inayopokea, AllowRemoteRPC, na mimi naona ni afadhali kila mashine ijiambie yenyewe kuliko kufungua hivyo vitu. Na kama skripti yako inaendeshwa na programu ya biti 32 kwenye Windows ya biti 64 utaambiwa msg haijulikani ingawa ipo, hapo andika njia nzima C:\Windows\Sysnative\msg.exe.

Kama kazi yenyewe ni kurestati tu, hata usitafute popapu, shutdown ina ujumbe wake:

shutdown /r /t 600 /c "Apdeti za usiku. Sevu kazi yako ndani ya dakika 10."

Na shutdown /a inafuta restati hiyo kabla muda haujaisha. Ila shika hili, ukiweka /t kubwa kuliko 0 basi na /f imeingia yenyewe hata kama hukuiandika, yaani programu zitafungwa kwa nguvu na Excel ambayo haijasevuliwa imekwenda. Ndo maana mimi naweka Popup kwanza, halafu shutdown kwa dakika kumi, na Popup ikirudisha 2 skripti inatoka bila kugusa kitu.

Arifa za kona ya skrini

Zile zinazoteleza kutoka kulia chini, zimekuja na Windows 8 mwaka 2012 na kuanzia Windows 10 zina mahali pa kutunzwa. Zinapendeza, hazinyakui kibodi, hazisimamishi skripti, mtu anaendelea kuchapa. Kwa PowerShell njia rahisi ni moduli ya BurntToast:

New-BurntToastNotification -Text "Bakapu", "Imekamilika"

Kuna watu wanaandika wenyewe kwa kuita Windows.UI.Notifications moja kwa moja, inawezekana kwenye PowerShell 5.1 inayokuja na Windows, lakini ukihamia 7.1 na kuendelea ile njia imekatwa na skripti inatoa makosa mekundu, kwa hiyo moduli inakuokoa.

Sasa uzito wake. Kwa kawaida arifa inakaa sekunde 5 kisha inakwenda kujificha, na kama mtu amewasha hali ya kutosumbuliwa, au anaonyesha slaidi kwenye projekta, inaweza isitokee kabisa mbele yake. Ukiituma kutoka SYSTEM haifiki, ni lazima iendeshwe kama yule mtu aliyelogin. Kwa hiyo kwangu arifa ni ya habari njema na habari ndogo tu: bakapu imeisha, ripoti iko tayari, printa imepata karatasi. Nikisema "umeme umekatika, UPS imebaki dakika 8" siwezi kuikabidhi kwa kitu kinachopotea baada ya sekunde 5 wakati mtu amegeuka kuongea na mteja. Hiyo ni kazi ya Popup yenye 4096, au msg, kitu kinachokaa pale katikati kwa muda utakaokipa wewe.

Zile za NotifyIcon na ShowBalloonTip unazoziona kwenye mifano ya zamani, kwenye Windows 10 na 11 zinageuzwa kuwa arifa hizi hizi, na muda unaoziandikia Windows haiusikilizi, huo ni tangu Vista.

Nyingine kwa haraka

AutoHotkey (programu ya skripti za Windows) kama tayari unaitumia basi umemaliza, kwenye v2 ni MsgBox("Sevu kazi", "IT", "T30") na hiyo T30 ni sekunde 30, na TrayTip ni arifa ya kona. Usiifunge AutoHotkey kwenye mashine ishirini kwa ajili ya popapu peke yake. Python ina tkinter.messagebox, ila ukisahau kuficha dirisha mama kwa withdraw() kinatokea kidirisha kitupu pembeni na watu wanakiogopa kuliko ujumbe wenyewe.

Linux ni notify-send kwa arifa, na -u critical kwa ile ambayo kwenye desktopu nyingi haijifungi, na zenity kwa swali, zenity --question --timeout=60. Ugonjwa wa chumba cha nyuma upo na huko: skripti ya cron, yaani Task Scheduler ya Linux, haijui desktopu iko wapi mpaka uiambie DISPLAY na DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS, na hiyo ya pili kwa mtumiaji wa kwanza huwa ni unix:path=/run/user/1000/bus. Mac ni osascript, display notification kwa arifa na display dialog yenye giving up after 60 kwa kiboksi cha muda, ambayo ndo ndugu wa Popup.

Mimi naamua hivi

Skripti inaendeshwa na SYSTEM au hakuna aliyelogin: msg kama mashine ni Pro, na vyovyote iwavyo matokeo yaandikwe kwenye faili la logi, maana ujumbe ambao hakuna wa kuusoma hausaidii. Kama mashine ni Home natengeneza kazi mbili, moja ya SYSTEM inafanya kazi halisi na kuandika logi, ya pili inaendeshwa kwa jina la mtumiaji akilogin, inasoma logi na kumwonyesha Popup. Hii ndo niliyoiweka kwa mama wa uhasibu na asubuhi anaona tarehe na saa ya bakapu ya jana kabla hajafungua Excel. Skripti inataka jibu: Popup, OK na Cancel, sekunde 60, Cancel imetangulia. Ni taarifa tu isiyodhuru ikikosa kuonwa: arifa ya kona. MsgBox na MessageBox tupu nabakisha kwa skripti ninazoziendesha mwenyewe nikiwa nimekaa hapo.

Na maandishi yenyewe, tafadhali yaandike kwa Kiswahili cha mtu wa ofisini na mwambie afanye nini, siyo "Operesheni imesitishwa kutokana na hitilafu" bali "Flashi haijachomekwa. Ichomeke halafu bonyeza OK." Hapo kuna mtego mmoja wa lugha yetu, ile ng' yenye kiapostrofi. Ukiandika 'Usiing'oe flashi' ndani ya alama za kufunga moja moja kwenye PowerShell, kiapostrofi cha ng' kinafunga maandishi katikati na skripti inakataa. Tumia alama za kufunga mbili mbili, "Usiing'oe flashi", au kirudie mara mbili ndani, 'Usiing''oe flashi'. Na usikopi ujumbe kutoka Word, inabadilisha kiapostrofi kuwa kile kilichopinda, na faili la UTF-8 lisilo na BOM (alama ndogo mwanzoni mwa faili inayosema herufi zake zimeandikwaje) PowerShell 5.1 inalisoma vibaya, kwenye skrini ya mtu inatokea Usiingâ€™oe. Andika kwenye Notepad, sevu kama UTF-8 yenye BOM, halafu jaribu kwa akaunti ile ile itakayoiendesha usiku, siyo ya kwako.